Kaburi la Mgomba

Kwetu Mzenga, zamani, mtu akifia mbali na maiti yake isirudi, wazee walizika mgomba. Walikata shina la mgomba la kimo cha mtu, wakalivisha sanda, wakalifunga kwenye mkeka, likabebwa kwa jeneza hadi kaburini na kusomewa dua kama mtu. Masheikh wa siku hizi wakisikia habari hii wanatikisa vichwa. Lakini mfiwa anataka mahali pa kuinamia, na babu yangu mzaa mama, aliyechukuliwa na Mwingereza kwenda kupigana ile vita ya pili, alizikwa hivyo. Tulikua tukijua kwamba pale kando ya shamba la mihogo, penye jiwe moja kichwani na jingine miguuni, pamelala mgomba. Na kwa kuwa mgomba hauchanganywi na watu, kaburi lile lilikaa peke yake, mbali na makaburi ya ukoo.

Kila Shaabani tulimsomea hitima. Aliyeisimamia ni mdogo wake babu, mtu wa kifua mbele, kofia safi na maneno mengi. Mimi nikimwita babu mdogo. Pilau ikiwa inaiva, yeye huanza kusimulia kifo cha kaka yake, na kila mwaka kaka yake aliuawa upya. Mwaka mmoja alizama na meli. Mwaka uliofuata alikufa msituni Burma, mbele yake wamelala Wajapani kama mahindi yaliyokatwa. Mwaka mwingine alikufa amembeba mzungu wake mgongoni. Watu wakiitikia mashaallah, mashaallah, na mimi nikiuma midomo nisiangue kicheko, maana bibi alikuwa ananikazia macho. Nina mdomo mimi, tangu utoto, na bibi yangu aliujua.

Mama hakucheka wala hakuitikia. Siku ya hitima ya baba yake, mama alikaa jikoni kwenye moshi na kuosha sahani, kama mpishi wa kukodi. Hakuna aliyemwambia akae huko, na hakuna aliyemwambia atoke.

Sababu ni hii. Babu alipozikwa mgomba, alikuwa ameshakaa jeshini zaidi ya mwaka. Bibi akaingia eda, na humo humo ndani ya eda tumbo likaanza kuonekana. Hebu fikiria maneno ya watu! Miezi minne na siku kumi za mjane zikapita, bibi hatoki. Wanawake wakawa wanapita nje ya ua wakicheka: eda gani hiyo isiyokwisha? Anaona haya huyo, atatokaje na mzigo wa mwanamume mwingine tumboni? Bibi akatoka siku alipojifungua, katikati ya masika, na aliyezaliwa ndiye mama yangu. Wakamwita Mtoto wa Eda. Lisemwalo lipo, wakasema, na hata waliokuwa hawajui kuhesabu miezi waliijua hesabu hiyo.

Posa ya mama ilipokuja, kutoka kwa watu wa Kibuta, ilibidi babu mdogo asimame walii, kwa kuwa baba wa bibi harusi hayupo. Mzee yule alikataa mbele ya wageni. "Mimi siozeshi mtoto nisiyejua alikotoka," alisema, akavaa makubadhi yake akaenda zake. Imamu ndiye aliyemwozesha mama yangu, kama mtu aliyeokotwa njiani. Na kuna jambo moja zaidi, dogo kwa asiyelijua. Kwetu mwanamke huitwa Binti, kisha jina la baba yake, hata akiwa bibi kizee asiye na jino. Ndiyo heshima yake. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia mtu akimwita mama yangu binti wa yeyote. Aliitwa kwa jina langu mimi, Mama fulani, na kabla sijazaliwa sijui walimwitaje. We, labda.

Mimi nilipigana sana shuleni kwa ajili ya jambo hili. Nikirudi nimechanika gauni, namwendea bibi moja kwa moja.

"Bibi, mama ni mtoto wa nani?"

"Wa mume wangu."

"Kivipi, na mumeo alikuwa vitani?"

"Mama yako ni mtoto wa halali." Basi. Anarudia kusuka ukili wake, vidole vinakwenda, mdomo umefungwa. Ningeweza kulia, kugaragara, kumtukana hata, lakini neno la pili halikutoka.

Sasa tuje kwenye mwaka ule ninaotaka kuueleza. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nafundisha kisomo cha watu wazima kijijini. Baba yangu alikuwa ameshafariki, na mama amerudi kukaa na bibi. Sabuni ilikuwa ya foleni na sukari ya kusikia. Kijana mmoja wa jirani alirudi kutoka Uganda akiwa mzima, tukamshangilia, na jioni moja akawa anakunywa uji kwetu akatutajia, kwa kupitia tu, kwamba katikati ya vita alipewa likizo kwenda kumzika baba yake.

Mama aliacha kupepeta. "Askari anapewa likizo vita havijaisha?"

"Akifiwa na mtu wake wa karibu, anaweza kupewa, mama."

Ungo ulibaki hewani. Nilijua anachofikiri kabla hajasema. Bibi alikuwa na mtoto wa kwanza, wa kiume, aliyekufa kwa homa babu akiwa bado kwenye mafunzo ya jeshi. Kaburi lake dogo liko kwenye makaburi ya ukoo. Kijana alipoondoka, mama alinishika mkono akanivuta nyuma ya nyumba.

"Kaka yangu alikufa baba akiwa jeshini," alisema. "Pengine na yeye walimpa likizo. Pengine alikuja, hata kwa siku chache. Katafute mtu aliyekuwa naye. Muulize hilo tu: alipata likizo, au hakupata?"

Alikuwa na watoto, alikuwa na mvi za kwanza, na alikuwa ananiomba kama mtoto anayeomba maji. Niliona uchungu hata nikamjibu kwa ukali. "Nitakwenda, mama. Si lazima unishike hivyo."

Kuuliza huku na huku nikaambiwa yuko mzee Dutumi, upande wa Kibaha, aliyechukuliwa siku moja na babu. Lakini kabla sijapata nafasi ya kwenda, kikaingia kikao cha kijiji. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa kimepata mabati na saruji ya kujengea zahanati. Mahali palipotakiwa, tambarare, karibu na barabara, maji hayasimami, palikuwa kwetu: kando ya shamba la mihogo.

"Pana kaburi pale," mtu mmoja alisema.

Babu mdogo akasimama. "Kaburi gani? Mgomba ule ulishakuwa udongo. Angekuwemo mtu ningekuwa wa kwanza kukataa, maana kaburi la Mwislamu halifukuliwi. Lakini mgomba! Kaka yangu alikufa kwa ajili ya watu, basi na pawe na zahanati ya watu. Chimbeni." Wakampigia makofi.

Mwenyekiti, mtu mwungwana, akageukia upande wa wanawake. "Na mjane anasemaje?"

Bibi alikuwa ameketi chini na kanga kichwani, anaangalia mikono yake. Watu wakaanza kukohoa. Mwisho akasema, "Wenye ndugu yao wameshasema."

Nilikasirika, wallahi. Njiani kurudi nilimwambia, bibi, hata mgomba una heshima yake, miaka yote hii tunakula pilau pale, leo wanapiga jembe nawe unatazama tu? Alikuwa anatembea polepole kuliko siku zote. Msaragambo wa kuchimba msingi ukapangwa kwa wiki ile ile, nami nikaona bora niende Dutumi kuliko kukaa kuutazama.

Niliazima baiskeli ya kijiji. Mama mmoja alinipigia kelele kwamba binti wa kiislamu kupanda baiskeli ya kiume ni kujitafutia nuksi. Nilimwambia anitafutie ya kike. Njia ya Dutumi wakati ule ilikuwa ya pori na mchanga, nusu nilipanda na nusu niliikokota.

Mzee nilimkuta kwenye mpunga wake, juu ya dungu, anaamia ndege. Ana kombeo mkononi na debe bovu ubavuni, na kila akipiga debe anatukana ndege kwa majina ya maofisa wake wa zamani. Nilimwamkia kutoka chini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unatoka wapi na jua hili?"

Nikamwambia Mzenga, nikamtajia jina la babu yangu. Kombeo likashuka.

"Yule mtoro?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia, babu, mimi namwuliza askari fulani, aliyekufa vitani, kwetu tunamsomea hitima. Mzee akacheka, akacheka mpaka akapaliwa, na ndege wakashuka kwenye mpunga asiwaone.

"Alikufa vitani! Vita gani? Yule hakupanda hata meli! Tulikuwa Dar es Salaam, tumeshapewa mabegi, kesho yake tunapanda. Akaja mtu wa kwenu akamletea habari kwamba mwanawe amekufa, mtoto wa kiume. Akaenda kuomba ruhusa akazike. Wakamwambia mtoto ameshazikwa, rudi kwenye mstari. Alirudi kwenye mstari. Tukalala, tukaamka, mahali pake pako wazi. Sisi tuliobaki tulikiona cha mtema kuni! Walitutandika, wakituuliza mwenzenu yuko wapi. Burma nimekwenda mimi, mjukuu wangu. Mguu huu unaouona nimeuleta nusu. Na yeye ndiye mnayempikia pilau?"

Nilikaa chini kwenye tope. Sina namna nyingine ya kulieleza. Nilikaa, na gauni langu zuri. Shujaa wetu, mbeba wazungu, muua Wajapani! Nilisikia aibu, kisha hasira, lakini akili ilikuwa imeshafika mbele yangu mimi mwenyewe.

"Babu, alitoroka wakati gani?"

"Kipupwe. Baridi ya asubuhi ilikuwa inauma."

Mama alizaliwa masika yaliyofuata. Nikahesabu kwa vidole, mbele yake, kama mwanafunzi wangu wa kisomo. Nikahesabu tena. Yarabi toba! Mtu aliomba likizo, hakupewa. Alijipa.

Nililala kwa jamaa zetu pale Dutumi bila kulala. Kulipokucha nikashika njia. Nilikuwa najua kwamba babu alitoroka, na kwamba alikuwa na pa kwenda. Lakini kama alirudi Mzenga, alikwenda wapi tena? Mbona hakuonekana? Na ule mgomba, ulizikwa kwa ajili ya nani? Nilikuwa nasukuma baiskeli huku nazungumza peke yangu njia nzima, na watu niliokutana nao walinipisha.

Nilipokaribia kwetu nikasikia majembe.

Kijiji kizima kilikuwa pale. Wanaume wanachimba mstari wa msingi, wanawake wanasomba mawe na maji, mama yangu miongoni mwao na ndoo kichwani. Bibi alikuwa ameketi chini, karibu kabisa na kaburi, kanga imemfunika uso. Babu mdogo amesimama juu ya lundo la udongo anaamrisha. Nikatupa baiskeli nikakimbilia kwa mama, lakini kabla sijafungua mdomo, mmoja wa wachimbaji alipiga kelele.

"Jamani! Huu mgomba ulichimbiwa mwanandani?"

Watu wakacheka. Mwanandani ni lile shimo la ubavuni ndani ya kaburi, analolazwa maiti wa Kiislamu kuelekea kibla. Nani angejisumbua kuuchimbia mgomba? Mchimbaji akainama, akapapasa kwa mkono. Kisha nikamwona anatoka kwenye shimo lile kwa mruko mmoja, jembe kaliacha, macho yamemtoka, anasema mtu, mtu, mtu, hawezi kusema lingine.

Ndoo ya mama ilianguka. Wengine walikimbia, wengine walisogea, na mimi nilisogea. Mifupa ilikuwa imelala ubavu wa kulia, imetulia, rangi ya mchanga. Nimeona misiba mingi baadaye, lakini mpaka leo nikikumbuka pale, mwili unanisisimka. Miaka yote ile! Tulichezea juu yake. Tulianika mihogo kwenye mawe yake.

"Hii sasa ni ya polisi," mwenyekiti alisema.

Babu mdogo ndiye aliyepasuka. Alimnyooshea bibi kidole. "Ndiye huyo! Ndiye hawara yako! Alikupa mimba, ukamuua, ukamzika kwa dua ya ndugu yangu! Na sisi tunamsomea hitima! Mchawi wewe!"

Mama yangu alisimama katikati ya maji yaliyomwagika, akimtazama mama yake. Sijawahi kuona uso kama ule. Alikuwa anangoja bibi akatae, na bibi hakukataa. Bibi alitoa kanga usoni, akasema kwa utulivu, "Shemeji, teremka umfunike. Mtu hakai wazi hivyo."

Imamu naye akasema afunikwe, akavua shuka lake la begani akalitoa. Kwa kuwa hakuna mwingine aliyethubutu, babu mdogo mwenyewe aliteremka, huku bado anatukana. Alitandaza shuka kutoka miguuni. Alipofika mikononi matusi yakakatika. Alikaa amechuchumaa. Tukawa tunaona mgongo wake tu na ile kofia safi.

"Huu mkono," alisema. Kisha tena, "Huu mkono."

Mfupa wa mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, ulikuwa umepinda, umeunga vibaya. Sisi wadogo hatukujua kitu, lakini wazee wawili watatu walishika vinywa. Babu yangu alianguka kutoka mnazini akiwa mtoto, na mdogo wake alikuwa pale chini akiokota nazi. Mganga wa kuunga mifupa aliuunga upande. Hakuna mtu duniani aliyeujua mkono ule kama aliyekuwa ameinama pale shimoni.

"Kaka," alisema. "Kaka, umefikaje humu?"

Hapo ndipo mimi nilipopata sauti. Nilisema yote, kwa kelele, kwa haraka, bila heshima wala mpangilio: mzee wa Dutumi, meli, habari ya mtoto kufa, ruhusa aliyonyimwa, baridi ya kipupwe. Nikasema hakupanda meli, jamani, hakupanda, alirudi nyumbani. Nilipomaliza nilisikia maji yanaingia mchangani.

Bibi akaanza kusema, kwa maneno machache, akimtazama mama yangu peke yake.

Mumewe alikuja kwa miguu, alisema. Alikwenda kwanza kwenye kaburi la mtoto, ndipo akaja kwake. Yeye akamficha shambani, kwenye dungu la kulindia nguruwe, na aliyejua ni kaka yake bibi peke yake, ambaye sasa ni marehemu. Jumbe wa Mwingereza alikuwa anatafuta watoro, na anayemficha mtoro anafungwa pamoja naye. Mdogo wake hawakumwambia.

"Kwa nini mimi hamkuniambia?" babu mdogo aliuliza kutoka shimoni.

"Kwa mdomo wako huu, shemeji?"

Mtu mmoja alicheka, na haki ya Mungu hata mimi nilitaka kucheka, huku machozi yananitoka.

Vuli ilipoanza, babu akashikwa na homa. Kumpeleka hospitali ni kumpeleka jela, na dawa za mizizi hazikufua dafu. Akafa dunguni. "Nimfanyeje?" bibi aliuliza. "Nimfukie porini kama mbwa, bila sanda, bila dua, bila ndugu? La kuvunda halina ubani. Ndipo kaka yangu akasema: mzike mbele yao wote." Wakamwingiza nyumbani kabla hakujapambazuka, wakamwosha, wakamvisha sanda, wakamfunga mkekani. Kisha kaka yake akatoka nje akatangaza kwamba amekutana na mtu Mlandizi aliyeleta habari, mume wa dada yake amefia baharini, na kwamba mgomba ameshaukata na kuufunga mwenyewe. Mgomba hauoshwi, kwa hiyo hakuna aliyetaka kufungua mkeka. Kaka yake akasema atachimba ndani na kumlaza mwenyewe.

"Mimi nilishika jeneza," babu mdogo alisema. "Nilisema mgomba huu mzito. Ukaniambia…"

"Nilikwambia mgomba mbichi ni mzito. Ulimbeba kaka yako, shemeji. Mlimsalia kama mtu, ndicho nilichokitaka."

Imamu wetu, aliyekuwa kijana siku za mambo hayo, aliinua kichwa. "Eda," alisema. "Eda ya mjane mwenye mimba si miezi minne na siku kumi. Ni mpaka ajifungue. Ndivyo ilivyo kwenye sheria, na wewe ndivyo ulivyokaa. Tulikuwa tunaisoma chuoni, kisha tunatoka nje tunacheka."

Nani alicheka? Sote! Kijiji kizima kilimcheka mwanamke aliyekuwa anatimiza eda ya mumewe mpaka siku ya mwisho, na jibu lilikuwa limekaa mlangoni kwake wazi, kila mtu analipita. Nilitaka ardhi inimeze. Nilitaka hasa iwameze wao.

Lakini mama hakuwa amemaliza. Alisogea mpaka miguu yake ikamgusa bibi, na hapo nikaona kwamba ana hasira. "Ulijua," alisema. "Walipokataa kuniozesha ulijua. Mwingereza aliondoka, uhuru ukaja, jumbe akafa. Kwa nini hukusema, mama?"

"Ningesema, nani angeniamini? Wangesema nimetunga ili nikusafishe. Wangeniambia niwaonyeshe. Nikiwaambia yumo kaburini, wangesema, haya, kaburi la Mwislamu halifukuliwi, mwanamke huyu ana akili. Ushahidi wangu ulikuwa pale ambapo hakuna ruhusa ya kuangalia."

"Na juzi kwenye kikao? Ungesema neno moja wangeacha kuchimba."

"Wangeacha," bibi alisema. "Ndiyo maana sikusema."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa nilihisi kama nimepigwa kofi. Nilikuwa nimemsuta njiani kwamba anatazama tu wakati mumewe anapigwa jembe, na yeye alikuwa ameketi kwenye kikao kile na kukata shauri zito kuliko watu wote mle ndani. Kama angenena, babu angelala salama na mama angebaki Mtoto wa Eda. Kama angenyamaza, wangemfukua mtu ambaye aliahidi kumhifadhi, kwa majembe, mchana kweupe, huku wanacheka.

"Alitoroka jeshi kwa ajili ya mtoto aliyekufa," bibi alisema. "Nimeona atanisamehe nikimsumbua kwa ajili ya aliye hai."

Kisha akajifunika tena kanga, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mama akakaa chini pale pale kwenye tope, akamshika.

Polisi hawakuitwa. Mwenyekiti alisema alichokiona ni maziko, na maziko hayana kesi. Jioni ile ile walimvisha babu sanda nyingine, kipande cha marekani kilichotolewa duka la kijiji bila foleni, na wanaume wakampeleka kwenye makaburi ya ukoo, wakamlaza kando ya kaburi lile dogo la mwanawe. Zahanati ilijengwa pale pale. Mimi nimedungwa sindano mle ndani mara nyingi, na kila nikiingia natoa salamu kimoyomoyo.

Kesho yake asubuhi tulikuwa uani. Bibi amelala, hajala kitu tangu jana. Mama anachambua mchele, mimi nachochea moto. Hodi ikabishwa. Ilikuwa sauti ya babu mdogo, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga mlango wetu tangu siku ya posa, ila kwa hitima tu.

"Hodi," alisema, kisha akasema Binti, na akataja jina la kaka yake.

Mama aliendelea kuchambua mchele.

Akaita tena, kwa sauti iliyopasuka katikati, jina zima, Binti wa yule aliyemzika jana. Nikamtazama mama. Nilidhani ni kiburi, na moyoni nikasema amkomeshe, amwache asimame juani mpaka akauke. Lakini uso wake haukuwa na kiburi chochote. Alikuwa ameinua kichwa kidogo, anasikiliza kama mtu anayesikia jirani anaitwa, anangoja mwenyewe aitikie.

Ilibidi nimguse bega.

"Mama," nilisema. "Unaitwa wewe."